Mrejesho: bawaba ya laptopu iliyong'oka imeshika kwa epoksi

Wakuu, niliuliza gundi gani ngumu itashikilia bawaba ya laptopu baada ya vishikizo vya skrubu kung'oka kwenye kava la plastiki. Jibu ni epoksi ya mirija miwili (mmoja gundi, mwingine kigumishi), ile ya kukauka taratibu. Ya dakika 5 inashika upesi lakini nguvu yake ni ndogo zaidi. Supaglue isahauliwe: ikikauka huwa kama kioo, bawaba ikivuta mara chache inabanduka.

Kazi kubwa ni maandalizi. Soma alama ya aina ya plastiki ndani ya kava: ABS au PC+ABS inakubali epoksi, PP haikubali. Kwangua kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, futa kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Nati za shaba, zile skrubu zinamoingia, ziwekwe zikiwa tayari zimefungwa kwenye bawaba, la sivyo matundu hayatalingana baadaye. Skrubu zipake mafuta kidogo sana zisigande. Yakigusa plastiki, rudia kusafisha.

Mirija yote miwili kiasi sawa, koroga dakika nzima. Wapo wanaozidisha kigumishi wakidhani itakauka haraka. Inabaki laini tu. Kisha saa 24 bila kufungua kioo.

Kabla ya kufunga, kama bawaba ina nati ya kurekebishia, ilegeze robo mzunguko. Ugumu wa bawaba ndio uliovunja plastiki, na hakuna gundi itakayouvumilia.