Naombeni ushauri: dalali anasema ni zumaridi, nina mashaka

Mgeni wa Duara: Wakuu, heshima kwenu. Dalali kaniletea jiwe la kijani-bluu, ukubwa wa kiberiti, anadai ni zumaridi la Manyara. Anataka laki nane, jibu kesho asubuhi. Lina vimistari vyeupe ndani, na lilipovunjika pamenyooka kama pamekatwa. Nitoe hela?

Nondo ya Mwamba: Usitoe hata mia. Zumaridi huvunjika ovyo ovyo. Hebu ligeuze kwenye jua: kama nyuso mbili bapa zimekutana kama kona ya tofali, hiyo ni feldispa, kundi la madini ya kawaida ya miamba. Ya kijani huitwa amazonaiti.

Mgeni wa Duara: Zimekutana hivyo hivyo. Ila mkuu, nimelikwaruza kwa kisu, halikuchubuka!

Nondo ya Mwamba: Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (1 hadi 10), kisu ni kama 5.5, feldispa 6. Lazima kishindwe. Chukua kwatzi yenye ncha, hiyo ni 7. Kwaruza, kisha futa unga kwa kidole kilicholowa. Mchoro ukibaki, umeshapata jibu. Zumaridi ni 7.5 hadi 8, kwatzi hailifanyi kitu.

Binti Miamba: Naongezea kuhusu ile mistari, maana ndiyo inayomuumbua dalali. Amazonaiti ni maikroklini, yaani feldispa ya potasiamu, fomula yake KAlSi3O8. Ndani yake silikoni, alumini na oksijeni zimeshikana kila upande kama wavu. Katika kila nafasi nne za silikoni, moja imekaliwa na alumini. Alumini ina chaji ya umeme 3, silikoni 4, kwa hiyo kuna pengo la chaji, na potasiamu ndiyo inayoliziba. Sodiamu ikikaa hapo badala yake, unapata feldispa nyingine, albaiti. Kalsiamu ina chaji 2, kwa hiyo alumini huwa mbili kati ya nne, nayo ni feldispa iitwayo anothaiti. Mwamba ukiwa wa moto sana, potasiamu na sodiamu hukaa pamoja bila ugomvi. Ukipoa taratibu zinatengana, na albaiti inajipanga mistari myeupe. Ndiyo hiyo unayoiona. Kijani cha amazonaiti kinatokana na risasi (ile metali) kidogo na maji. Cha zumaridi ni kromiamu au vanadiamu.

Mzee wa Nyuzi: Kona ya tofali ni ya othoklezi, feldispa nyingine ya potasiamu, nyuzi 90 kamili. Maikroklini ina fomula ileile, ila alumini zake zimejipanga kwa utaratibu zaidi, fuwele ikapinda kidogo, kama nusu nyuzi.

Nondo ya Mwamba: Mzee, nusu nyuzi hiyo nani ataiona kwa macho?

Mgeni wa Duara: Nimekwaruza kwa kwatzi, nimefuta, mchoro upo. Nimempigia dalali. Sasa anasema elfu themanini, "bei ya undugu".

Binti Miamba: Zima simu ulale.