Tezi ya shingo na maumivu ya viungo: ni ugonjwa mmoja au miwili?

FundiMakambako
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, miaka 44. Mwaka jana magoti yalianza kuuma, nikadhani ni baridi ya huku kwetu tu. Vikafuata vidole. Asubuhi siwezi kutunga uzi kwenye sindano, namwita mwanangu anitungie. Usiku naamka mkono umekufa ganzi, naukung'uta pembeni ya kitanda mpaka damu irudi. Nimepigwa picha ya magoti, nimepimwa gauti, hakuna kitu. Nikapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, nikameza miezi na miezi hadi tumbo likaanza kuwaka moto.

Aliyenishtua ni wifi yangu, tulikutana msibani. "Wifi, mbona sauti imekuwa nzito hivyo, na uso umevimba?" Kweli nilikuwa nanenepa na chakula sikitamani, choo kigumu, natetemeka kwa baridi wakati wenzangu wamejifunga vitenge tu. Nikapima tezi. TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamuru tezi na hupanda tezi ikilegea, ikasoma 38, na karatasi inaonyesha mwisho ni 4. Sasa ni wiki ya tatu natumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, ya mikrogramu 50. Uchovu umepungua kidogo, viungo bado vile vile. Je, maumivu haya yanatoka kwenye tezi, au nina magonjwa mawili? Na kama hayapungui, niendelee na dawa?

MamaWawili
Pole sana dada. Usiache dawa, nakuomba. Mimi tezi ilinishika bega la kushoto. Mkono ulikuwa haupandi, kumsuka binti yangu nywele nikashindwa kabisa. Kosa langu lilikuwa moja: kidonge nilikimeza na chai ya maziwa, juu yake vidonge vya kuongeza damu. Miezi mitano TSH haikushuka, dozi ikaongezwa bure. Hakuna aliyeniuliza nakimezaje! Siku hizi naamka saa kumi na moja alfajiri, nameza na maji matupu, chai baada ya saa nzima. Vidole vilifunguka mwezi wa tatu wa kumeza hivyo. Bega lilichukua karibu mwaka, na mazoezi juu.

KijanaWaPaje
Shangazi, jaribu unga wa mwani, huku Unguja upo tele. Una iodini, madini ya tezi.

TabibuWaZamu
Mdogo wangu, hilo la mwani tuliweke kando. Iodini ikizidi nayo huivuruga tezi, na mara nyingi tatizo kwa mtu mzima si upungufu wa iodini, bali kinga ya mwili inayoishambulia tezi yenyewe.

Dada, homoni ya tezi ikipungua, mwili hufanya kazi polepole na majimaji hujikusanya kwenye tishu, zikiwemo zinazozunguka viungo. Misuli nayo hukakamaa. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba unamopita mshipa mkubwa wa fahamu. Pakivimba, mshipa hubanwa. Hebu niambie, ganzi iko vidole vipi?

Wiki tatu ni mapema. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na viungo huchelewa kuliko uchovu. Ila magonjwa mawili kwa pamoja yapo: mwenye kinga inayoshambulia tezi anaweza kupata na baridi yabisi. Kwa hiyo chunguza viungo vyenyewe. Vikivimba na kuwa vya moto, au ukakamavu wa asubuhi ukizidi saa nzima, rudi upimwe hilo pia, usingoje tarehe. Na diklofenaki hiyo, tumbo likishawaka moto, acha kuitumia, umwone daktari. Figo nazo huumia. Vidonge vya damu au kalsiamu vitenganishe na dawa ya tezi kwa saa 4.

FundiMakambako
Asanteni mno, nimesoma mara mbili. Tabibu, ganzi ni gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho hakina shida.

TabibuWaZamu
Basi huo mshipa ndio unaobanwa. Usiku lala kifundo kimenyooka, kifunge na kibao chepesi na kitambaa, usikaze. Ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua au vitu vinakuponyoka, nenda upesi.

FundiMakambako
Kitambaa ninacho, kibao nitachonga leo. Ukakamavu wangu wa asubuhi ni kama dakika ishirini, na viungo havina moto. Na mimi kidonge nilikuwa nakimeza na uji wa maziwa, Mama Wawili, kila siku. Tarehe ya kupima tena nimeiandika kwa chaki ukutani, pale ninapoandika vipimo vya wateja.