Mwanangu anaingia darasa la tatu, kusoma bado kunamsumbua, na shule inafungwa. Kiangazi hiki nimshike vipi?

Mama Furaha (Columbus, Ohio)

Hamjambo ndugu zangu. Shule ya kijana wangu inafunga Alhamisi ya wiki ijayo. Jana begi lake limekuja limejaa karatasi: siku ya michezo, sherehe ya vyeti, vitabu vya maktaba virudishwe, kompyuta ya shule irudi pamoja na chaja. Chini kabisa ikawepo ripoti. Mwalimu anasema hesabu anaenda vizuri, ana adabu, anasaidia wenzake, lakini kusoma yuko chini ya kiwango cha darasa la pili. Agosti anaingia la tatu. Jirani ameniambia Ohio kuna sheria kwamba mtoto wa la tatu asipofaulu mtihani wa kusoma hapandi darasa. Tangu hapo sina raha.

Mimi naingia zamu ya pili ghalani kule Groveport. Naondoka nyumbani saa nane mchana, narudi usiku wa manane. Mume wangu anaendesha lori, wiki nzima yuko barabarani. Watoto hubaki na mama yangu mzazi, ambaye Kiingereza hajui. Mimi mwenyewe nilisoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Kambi za kiangazi nilizoulizia zinataka pesa ambayo hatuna.

Je, kweli watamrudisha darasa? Nyumbani tuache Kiswahili kwanza? Na bibi atamsaidiaje mtoto kitabu asichoweza kukisoma yeye? Naombeni msaada, hasa wenye watoto wa umri huu. Ana miaka minane, na mdogo wake wa kike ana minne.

Baba Wawili (Dayton)

Dada, pole na mawazo, na hongera kwa kuisoma ripoti mpaka chini. Nakupa ya haraka kabla wenye ujuzi hawajafika.

Maktaba ya mji wenu haitozi faini ya kuchelewesha vitabu tangu 2017. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu tunaogopa kuazima. Kitabu kikipotea kabisa ndipo kuna malipo. Kiangazi wana shindano la kusoma lenye zawadi kwa watoto, na kujiandikisha ni bure.

Chakula: shule zikifungwa, kuna vituo vya chakula cha mchana cha serikali. Mtoto yeyote mpaka miaka 18 anakula bure, hakuna fomu ya kujaza. Zaidi ya hapo, tangu 2024 kuna dola 120 za chakula cha kiangazi kwa kila mtoto wa shule anayestahili, na Ohio imo. Kama mnapata SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, kwa kawaida huja zenyewe.

Huyo wa miaka minne mwandikishe kwenye mpango wa vitabu wa mwanamuziki Dolly Parton. Ohio nzima imo. Kila mwezi anatumiwa kitabu kimoja kwa posta, bure, mpaka atimize miaka mitano.

Kaka wa Fort Wayne

Mimi nitasema kinyume na watakavyosema wengi. Kiswahili kiwekeni pembeni mwaka mmoja. Mtihani hautakuja kwa Kiswahili. Wanangu tuliwazungumzisha Kiingereza tu, hata cha kuvunjikavunjika, televisheni ya Kiingereza, kila kitu Kiingereza, na wote wamepanda. Akishafaulu mtamrudishia lugha yake.

Mwl. Zuhura (Cincinnati)

Mama Furaha, nifikishie shikamoo kwa bibi. Nilifundisha madarasa ya chini Tanga kabla ya kuja huku, na sasa ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya msingi hapa Ohio. Kazi yangu ni kukaa na vikundi vidogo vya watoto wanaochelewa kusoma, wengi wao wakiwa wa kwetu.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Ilipitishwa 2012, na kwa miaka mingi mtoto asiyefikisha alama alibaki la tatu kweli. Mwaka 2023 jimbo liliibadilisha. Sasa mzazi, akishauriana na mwalimu wa kusoma na mkuu wa shule, anaweza kukubali mtoto apande la nne huku akiendelea kupewa msaada. Na huo mtihani si wa siku moja: hufanywa vuli, ukarudi tena masika. Shule ikiona mtoto yuko nyuma inatakiwa imwandikie mpango wa kumwinua, na mzazi aujue. Uliza mpango huo uko wapi na una nini ndani.

Kabla ya Alhamisi muulize mwalimu swali hili: mwanangu anakwama wapi hasa? Yupo mtoto anayeshindwa kuunganisha herufi zikawa neno. Yupo mwingine anayesoma mbio kama maji, ukimuuliza kilichotokea kwenye hadithi hana la kusema. Wote wawili ripoti inawaita "chini ya kiwango", lakini dawa zao hazifanani. Usikubali kuingia likizo bila kujua wako ni yupi.

Sasa kaka wa Fort Wayne. Nakuheshimu, na nafurahi watoto wamepanda, lakini ushauri huo siuungi mkono na ningeomba Mama Furaha asiufuate. Bibi huyo akinyamazishwa, mtoto atakaa na nani kuanzia saa nane mchana mpaka alale? Atakaa na simu. Mtoto anajenga uelewa wake kwa mazungumzo marefu: kwa nini, ikawaje, wewe ungefanya nini. Mazungumzo hayo anayaweza na bibi yake kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza cha kuvunjika ataambulia "kaa", "kula", "lala". Anayejua kisa ni nini, sababu ni nini, kinyume chake ni nini, akikutana na mambo hayo kwa Kiingereza anakosa neno tu. Wazo analo tayari.

Kwa hiyo bibi ndiye mwalimu wa kiangazi hiki, na hahitaji kujua herufi hata moja ya Kiingereza. Kila siku mtoto amsomee ukurasa au kurasa mbili kwa sauti, kisha afunge kitabu amsimulie kwa Kiswahili alichosoma. Bibi aulize kama anavyouliza mambo ya mjini: huyo ni nani, alikasirikia nini, halafu? Mtoto asiyeelewa hataweza kusimulia, na bibi ataliona hilo papo hapo. Wenzangu shuleni wanatumia karatasi nyingi kupima uelewa, na hakuna karatasi inayomfikia bibi mwenye hamu ya kujua mwisho wa kisa.

Jioni zamu igeuke. Bibi atoe hadithi, za sungura na fisi, za Nyarugusu, za kijiji chake kabla ya vita. Mtoto aandike sentensi tatu juu yake, kwa lugha anayotaka. Usisahihishe kila kosa.

Kama tatizo lake ni kuunganisha herufi, mfundishe kusoma Kiswahili pia. Ba be bi bo bu. Lugha yetu inasomwa ilivyoandikwa, haimfichi kitu. Nimewaona watoto waliokuwa wakibahatisha maneno ya Kiingereza kwa kuangalia picha, wakashika silabi za Kiswahili kwa muda mfupi, na ule ujasiri wa kulivunja neno vipande wakauhamishia kwenye Kiingereza. Irabu za Kiingereza zitamsumbua bado, hiyo ndiyo sehemu ya shule. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili, zina picha, na ni bure.

Vitabu vya Kiingereza achague mwenyewe maktabani. Hili nalisisitiza. Watafiti wa kusoma Richard Allington na Anne McGill-Franzen, kule Florida, waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu kumi na viwili kila kiangazi kwa viangazi vitatu, na watoto ndio waliochagua. Mwishoni walisoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa. Akitaka malori kama ya baba yake, mpe malori. Akitaka kilekile cha wiki iliyopita, mpe.

Na hesabu msiziache kwa sababu ripoti ni nzuri. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi za Marekani, wakaona kwa wastani watoto hurudi kutoka likizo ya kiangazi na pengo la kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu na tahajia ndizo zinazoporomoka zaidi. Wengine baadaye wamebishana nao kuhusu ukubwa wa pengo. Kwa mtoto aliye nyuma tayari sipendi kusubiri wamalize kubishana. Apime unga wa ugali kwa kikombe, nusu na robo. Acheze bao na bibi. Ahesabu chenji sokoni.

Mama Furaha

Mwalimu, nimekusoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mama. Shikamoo ameipokea, na ameanza kuuliza kitabu kiko wapi.

Nina mawili. Kuongea na mwalimu wa shule naona tabu, kwa sababu siku zote kijana mwenyewe ndiye anayenitafsiria. Na pili, akimsomea bibi akakosea neno, bibi hatajua.

Mwl. Zuhura

La kwanza ni haki yako. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inailazimu shule inayopokea pesa za serikali kuu kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Piga simu ofisini leo, sema "Swahili interpreter", ndiyo maneno watakayoyaelewa haraka. Wakileta mkalimani kwa simu, inatosha, na hulipi chochote. Mtoto asitafsiri ripoti yake mwenyewe. Ana miaka minane, habari mbaya ataipunguza, na habari ya kitaalamu hana maneno yake.

La pili, asizuiwe kwa kila kosa. Lakini mwekee vipande vidogo vya karatasi mezani. Neno likimshinda, alinakili kwenye kipande akiweke ndani ya ukurasa huo, aendelee kusoma. Wewe asubuhi uko nyumbani. Kabla ya kwenda kazini toeni vipande, mlisome kila neno pamoja kwa kulivunja. Usilolijua wewe, muulizeni mkutubi mkifika maktaba, hiyo ni kazi yake na wengi wao wanaipenda.

Baba Wawili

Columbus maktaba zina msaada wa kazi za shule pia, wahudumu wanakaa na watoto bila malipo. Kabla ya kwenda piga simu uulize ratiba ya kiangazi ya tawi lenu, saa zinabadilika shule zikifungwa.

Mama Furaha

Nimepiga ofisini. Mkalimani Jumatatu saa nne asubuhi, kwa simu. Swali la kwanza nimeliandika kama ulivyolisema: anakwama wapi hasa.