Naomba ushauri: kupanda Lushoto usiku na Noah, Ijumaa hii

Kaka wa Bwana Harusi (mleta mada)
Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Mdogo wangu anaoa Mlalo, mbele ya Lushoto, Jumamosi, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumbeba mama, shangazi zangu na wasichana wa sare. Gari ni Noah, automatiki, nzima kabisa. Dar, Morogoro, Dodoma nimeendesha sana, ila mlima ule sijawahi kuupanda nikiwa nimeshika usukani. Siku ya kupeleka posa tulipanda basi. Nilikaa dirishani, kila nikichungulia chini sioni mwisho. Tangu siku hiyo naiwaza ile barabara hata nikiwa kazini.

Nimepanga nitoke Dar Ijumaa saa tisa alasiri, nifike Mombo saa tatu au saa nne usiku, nipande moja kwa moja. Naona usiku ni afadhali: malori hakuna, na kwenye kona unaona taa za anayekuja. Je, niko sahihi? Na zile kona mnazipitaje?

Mzee wa Segera
Kijana, tangulia na dua ya safari, halafu punguza mwendo. Mengine yatafuata.

Binti Soni
Kaka, mimi nimezaliwa Soni na nyumbani kwetu ni kando ya barabara hiyo hiyo. Malori unayoyakimbia ndiyo utakayokutana nayo. Kabichi, karoti, hoho na viazi vinavunwa mchana na kupakiwa alasiri, Fuso zinaanza kushuka jioni ili ziingie sokoni Dar kabla hakujapambazuka. Saa nne ya usiku wewe unapanda na wao wanashuka, wamepakia mpaka juu ya kichwa cha gari, na dereva anawaza kuwahi bei ya alfajiri. Ongeza ukungu. Ukungu ukishuka zile taa unazozitegemea unaziona gari likiwa limeshafika puani kwako.

Pitia asubuhi baada ya mabasi ya kwenda Dar kumaliza kushuka, kama saa nne hivi. Hapo barabara imetulia na unaona vizuri.

Nahodha Mkavu
Umenikumbusha mlima Kitonga kule Iringa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa semi ya Dar–Tunduma, likizo za shule nilikuwa napanda naye. Ukianza kushuka Kitonga alikuwa anazima redio na hataki mtu aongee. Harufu ya breki za magari ya mbele inaingia ndani, mtu unahisi kama kuna mpira unaungua chini ya kiti. Yeye anashuka na gia nzito, pole pole, wenye mabasi wanampigia honi, hajali. Alikuwa na neno moja tu: gia unayopandia ndiyo gia unayoshukia. Amestaafu akiwa na miguu yake yote, wenzake kadhaa aliokuwa akila nao Ruaha Mbuyuni hawakustaafu.

Mtaita
Ndugu, nawasalimu kutoka Taita. Huku Mwatate kwenda Wundanyi ni hivyo hivyo, barabara nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili ni hewa. Kona usiyoona mwisho wake piga honi kabla hujaingia, kaa kushoto kwako kabisa, na usikate kona hata kama umezoea. Ajali za huku nyingi ni mtu kukata kona, akakutana na mwenzake naye amekata. Na mkikutana mahali pembamba, anayepanda apewe njia, anayeshuka ndiye arudi nyuma au asubiri. Aliye na mzigo akisimama kwenye mwinuko, kuondoka tena ni kazi.

Mwalimu wa Historia
Hiyo barabara msiione hivi hivi. Wajerumani ndio walioichonga, enzi hizo Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, na reli ya kutoka Tanga ilishafika Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 tu, lakini ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Ndiyo maana masikio yanaziba. Ukifika Soni simameni mahali palipo wazi mtazame maporomoko.

Fundi wa Zamu
Mleta mada, wote wanakujibu kona na mimi nataka kujua gari. Noah ya nani? Mtakuwa watu wangapi? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?

Kaka wa Bwana Harusi
Asanteni wote. Binti Soni, habari ya Fuso sikuijua, ila nikisema nilale njiani gharama inaongezeka. Fundi, gari ni la shemeji. Tutakuwa watu nane na mizigo kidogo: mabegi, masufuria ya kukodi na spika mbili. Gari liko vizuri, nimesema.

Fundi wa Zamu
Watu umenijibu. Breki hujanijibu.

Binti Soni
Hata mimi nimeona ameruka.

Kaka wa Bwana Harusi
Sawa. Asubuhi pedali inazama kidogo. Ukikanyaga na kushikilia inaenda chini taratibu, ukipampu mara mbili inarudi juu inakuwa ngumu kama kawaida. Shemeji anasema Noah zikizeeka zote ziko hivyo. Fundi wa mtaani alisema ni upepo, akautoa, ikatulia kidogo. Alituambia ikirudia tubadilishe mastasilinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Imerudia.

Lakini nielewe. Hela ya wiki hii imeshaenda kwenye sare na mchango. Shangazi zangu wameshaambiwa nafasi zao kwenye gari, mmoja wao ameshagombana na watu wa basi kwa ajili yangu. Siwezi kuwapigia leo niwaambie wapande basi. Na kwa hapa Dar tunaitumia kila siku, inasimama bila shida yoyote.

Mama Wawili
Yaani sare imeshonwa, mastasilinda imeachwa! Hii ndiyo shida yetu, mwanangu. Harusi inakula hela ya dawa, inakula ada, sasa inakula na breki. Mama yako akijua gari aliloketi linasimama kwa kupampu, unadhani atakuuliza rangi ya sare?

Nahodha Mkavu
Sare washone kitambaa cha parachuti basi, mambo yote yaende pamoja.

Mzee wa Segera
Nahodha, kuna mama wa mtu humo ndani. Tusitanie.

Fundi wa Zamu
Nisome taratibu, maana swali lako lote ni la kupanda na hatari yako ni ya kushuka. Kupanda, injini ndiyo inayofanya kazi, breki unaigusa gusa tu. Jumapili mtakaporudi, watu nane na spika zenu, ni karibu mita 1,000 za mteremko na kila kona unaikanyaga. Dar unakanyaga breki kwenye foleni, inapoa, unakanyaga tena. Kule haipati nafasi ya kupoa.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa yanakuwa na maji ndani, na yakipata moto wa mteremko maji yale yanachemka yanakuwa mvuke. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni, gari halijui kama umekanyaga. Hiyo hata kwa gari lenye mastasilinda nzima inatokea. Lako linazama likiwa baridi, limeegeshwa nyumbani.

Fanya hivi leo. Washa injini, gari lisimame, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kama nusu dakika. Ikiendelea kuteremka polepole, fungua kikopo cha mafuta ya breki uangalie kiwango. Kiwango kimepungua, chungulia nyuma ya kila tairi na chini ya pedali, kuna mahali panavuja. Kiwango hakijapungua na bado inazama, raba za mastasilinda zimekwisha, mafuta yanarudi nyuma ndani kwa ndani. Huo si upepo. Upepo ungeifanya pedali iwe laini, inadunda, lakini ukishikilia haiendelei kuzama.

Jicho la Tatu
Wakuu, naomba niwaamshe. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Bandiko la kwanza gari "nzima kabisa", bandiko la pili "liko vizuri, nimesema", la tatu mastasilinda imekufa. Harusi, mama, shangazi, sare, kila kitu kimewekwa cha kututia huruma. Halafu ghafla anatokea fundi, anauliza swali lile lile ambalo jibu lake ni kununua spea. Subirini, kesho mtaona namba ya simu na duka. Kuna uzi wa mlima Sekenke ulikuja hivi hivi.

Mama Wawili
Kumbe! Na mimi nimeshalia na mama wa watu.

Fundi wa Zamu
Sijaweka namba na sitaweka. Sina duka. Apeleke kwa fundi yeyote anayemwamini, akae pale pale amwone akifungua.

Binti Soni
Jicho, njia ya kumjua ni rahisi. Mleta mada, siku ya posa mlipotoka Lushoto mjini kwenda Mlalo mlipita wapi?

Kaka wa Bwana Harusi
Kuitwa mwongo imeniuma, lakini nitajibu. Kutoka Lushoto tulipanda tena, tukaingia Magamba, msitu huku na huku, baridi hadi mama akajifunga kitenge kichwani. Kuna vipande vya udongo, basi likawa linayumba. Lukozi tulisimama, kina mama wakaleta peasi dirishani kwenye ndoo ndogo, tukanunua. Mbele huko nililala. Nilisema gari ni nzima kwa sababu shemeji ndiye aliyeniambia hivyo, na sikutaka kumwanika mbele ya watu. Kama ningetaka kuuza spea ningeandika uzi wa spea.

Binti Soni
Huyu amefika. Peasi za Lukozi ni kweli.

Jicho la Tatu
Amefika, sawa, sibishi tena. Gari bado ni bovu.

Mtaita
Ndugu, kuna njia ya tatu. Hilo gari liache Mombo kwa mtu mnayemjua, wote mpande gari la abiria. Dereva wa kule anazijua kona kwa majina. Makanga mmoja wa matatu huku aliniambia kona zote za Wundanyi anaweza kukuhesabia akiwa amefumba macho, na nilimwamini.

Kaka wa Bwana Harusi
Mtaita, bibi harusi anatakiwa kutolewa nyumbani na gari la upande wetu, na ndilo hili. Tumeshakubaliana na wazee. Nikienda Dar–Mombo na Noah kisha niiache pale, nitakuwa nimefanya nini? Mimi nafikiri nikipanda pole pole na kupampu kila kabla ya kona itatosha.

Fundi wa Zamu
Haitatosha. Kona za Soni hazikupi muda wa kupampu. Mtoto akitoka na ndoo, au bodaboda ikija upande wako, unayo kanyago moja tu.

Na Noah automatiki ina vitu watu hawavitumii. Kwenye mkono wa gia kuna kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa). Kibonyeze hadi taa ya O/D OFF iwake mbele yako, halafu kwenye mteremko mkali weka 2, ikizidi weka L. Punguza mwendo kwanza ndipo uhamishe. Injini itanguruma, iache ingurume, inakushikia gari. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo kisha uachie, usiegeshe mguu juu yake njia nzima. Ukisikia harufu au pedali imelegea, tafuta palipopanuka, simama, pumzika hata nusu saa. Usimwagie rimu maji. Na kamwe usiweke N (gia huru) ili kuokoa mafuta.

Ikitokea imegoma kabisa: pampu haraka haraka, shusha gia, vuta hendibreki kidogo kidogo, na kama hakuna jinsi egemeza gari upande wa ukuta wa mlima. Bodi inanyooshwa.

Hayo yote ni ya gari lenye breki. La kwako halijafika huko.

Mama Wawili
Mwanangu, mpigie shangazi mmoja tu, yule asiyenuna. Mwambie ukweli. Atawapanga wenzake kuliko wewe utakavyoweza.

Binti Soni
Na masika haya mvua ikinyesha usiku, mawe na udongo vinashuka barabarani. Anayepita usiku ndiye anayevigundua kwanza. Kaka, lala Mombo, hata Korogwe. Upande asubuhi.

Kaka wa Bwana Harusi
Wakuu, nimerudi. Nimefanya kipimo cha Fundi. Pedali iliteremka yenyewe hadi karibu chini, nikiwa nimeegesha, mke wangu anahesabu. Kiwango cha mafuta hakijapungua. Nimempigia shangazi mkubwa. Kanikaripia, halafu kasema yeye na wasichana watapanda basi Ijumaa asubuhi na masufuria yao, na atasema ni uamuzi wake. Kwenye Noah nitabaki na mama na shangazi mdogo. Kulala Mombo nimekubali.

Shemeji amesema atatoa nusu ya hela. Niko kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani hapa Dar sasa hivi. Kuna mastasilinda ya mtumba, imetoka kwenye Noah ya Japani, bei ni chini ya nusu ya mpya. Muuzaji anasema ngumu kuliko mpya za siku hizi. Nichukue?

Fundi wa Zamu
Hapana. Kinachochakaa mle ni raba, na za hiyo zimekaa kavu kwenye kontena na rafuni hujui muda gani. Chukua mpya. Hela ikigoma, nunua seti mpya ya raba, fundi afungue ya kwako akague silinda ndani kwa kucha yake. Ikiwa laini, haina mikwaruzo, abadilishe raba. Ikiwa na mikwaruzo, raba mpya zitaliwa tena, hapo ni mpya tu. Mwambie amwage mafuta yote ya zamani, aweke mapya, atoe upepo tairi zote nne. Leo hii, ili kesho uzungukie nayo mjini kabla ya safari.

Kaka wa Bwana Harusi
Sawa. Naulizia mpya duka la pili.