Je, malenga alipwe kwa shairi lake?

Muulizaji (Kondele, Kisumu): Ndugu washairi, hivi karibuni niliombwa kutunga shairi la beti 10 kwa ajili ya harusi, na nilipotaja malipo, mwenye shughuli alishangaa, akaniambia kwamba kipaji ni cha Mungu na hakiuzwi, ingawa mpiga picha na mwenye mahema walilipwa bila ubishi. Je, nilikosea?

Mwalimu (Nakuru): Hukukosea hata kidogo. Kutunga tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, yenye vina na mizani 16 kwa kila mshororo huchukua siku kadhaa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Msomaji (Siaya): Huku kwetu mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hutuzwa tangu zamani, anayetaka kujisifu kwa pakruok, yaani majigambo ya Kiluo, husimamisha muziki kwa pesa. Hofu yangu ni moja tu, kwamba anayelipwa huweza kumsifu hata asiyestahili.

Muulizaji: Naielewa hofu hiyo, ila bwana harusi ni binamu yangu, na sifa nilizompa zilikuwa za kweli, karibu zote. Siku nyingine nitapatana bei kabla ya kushika kalamu.