Skana ya mdomoni kwa kliniki ya meno Mbeya, inalipa kweli au nisubiri?

MenoMwanjelwa
Habari za kazi wakuu. Nina kliniki ndogo ya meno hapa Mbeya, viti viwili, niko mimi na tabibu meno mmoja na nesi. Kazi za krauni (kofia za jino) na madaraja (meno ya kuziba pengo) zimeongezeka sana, watu wanatoka Chunya, Tukuyu, Kyela mpaka Tunduma, na hapo ndo shida inapoanzia maana vipimo (chapa ya meno) nachukua hapa, nafunga vizuri, napeleka stendi vinapanda basi kwenda lab Dar, zaidi ya kilomita 800, halafu kazi ikiisha inarudi na basi hivohivo. Ikifika unakuta krauni imepanda juu au pembeni kuna mwanya ncha ya probu, kile kisindano cha kukagulia, inaingia kabisa, basi ni kurudia vipimo upya na mgonjwa aje tena. Kuna mama wa Chunya kaniuliza kwa upole tu "dokta, nauli tena?" nikakosa la kumjibu.

Sasa kuna muuzaji ananishawishi ninunue skana ya mdomoni, ile kamera ndogo inayochora meno kwenye kompyuta, anasema unapima dakika chache, faili linafika Dar hapohapo, habari ya alginati (unga wa kuchukulia vipimo) na plasta inaisha. Bei yake ni ya kununulia gari. Mliokwisha kuitumia, hasa huku nyanda za juu, naomba mniambie ukweli, kwa umeme wetu huu na bando letu hili itafanya kazi? Na meno bandia ya mdomo mzima nayo inapima?

Mnyalukolo_Meno
Kamwene dokta. Mi niko Iringa mjini, hapa kazini tunayo na tunaitumia kila siku. Bando usiliogope, faili la STL (umbo la meno la 3D) la taya zima ni megabaiti makumi tu, hata simu inalituma. Gharama iliyojificha ni laptopu, inataka ile yenye kadi ya picha ya nguvu, za ofisini zitakwama katikati ya kupima huku mgonjwa kaachama. Umeme weka UPS nzuri na stabilaiza, ikizima katikati unapoteza muda na mgonjwa anapoteza imani.

Halafu kuna kitu muuzaji wa Dar hawezi kukwambia maana kwao hakipo, baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huku kwetu kioo cha skana kinaingia ukungu mara tu mgonjwa akipumua, picha inakatika vipandevipande. Nyingi zina kipasha joto kwenye kichwa chake, sasa iwashe mapema iachie ipate moto kabla mgonjwa hajakaa kitini, na kalibrasheni (kuiweka sawa isome vizuri) usiiruke.

Kubwa kuliko yote, skana ni kamera, inaona kile mwanga unachokifikia. Ukingo wa jino ulilosaga kwa ajili ya krauni ukiwa chini ya fizi na damu inachuruzika haina miujiza, itakuchorea dimbwi la damu kama ndo jino. Uzi wa kusogeza fizi lazima uweke, damu ikauke, mate yavutwe, shavu livutwe pembeni, taa ya kiti igeuzie ukutani maana mwanga wake unaisumbua. Sisi tunaanza juu ya meno ya kutafunia, tunarudi upande wa ulimi, tunamalizia upande wa shavu, mkono unakwenda taratibu bila kurukaruka. Kisha kabla mgonjwa hajanyanyuka tunakuza picha kwenye skrini tunauzungukia ukingo wote, palipo na tundu tunapitisha skana hapo tu. Hiyo peke yake kwangu mimi ndo thamani ya kifaa, kosa unaliona mgonjwa akiwa bado kitini, siyo wiki ijayo kwenye boksi la basi.

FundiWaPlasta
Naongea kama fundi wa maabara, kwetu Njombe ila kazi nafanyia Dar. Dokta kabla hujatoa hela yako hebu nikuulize, vipimo unachukulia nini? Kama ni alginati unaifunga inasafiri siku nzima basi tatizo limeshajulikana. Alginati ikikaa inatoa maji na kunywea, ukiifunga kwenye kitambaa kilicholowa sana inavimba, vyovyote iwavyo krauni haitakaa. Imwage plasta hapohapo kliniki utume modeli (mfano wa meno), au kwa krauni na madaraja tumia silikoni ya adisheni, ule mpira wa kuchukulia vipimo, hiyo inavumilia safari na haibadiliki kirahisi. Silikoni nzuri ni ghali kuliko alginati ila ni sehemu ndogo mno ya bei ya skana.

La pili, ongea na lab yako KABLA ya kuongea na muuzaji. Siyo lab zote zinapokea faili. Zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, inachongwa na mashine kutoka kwenye faili moja kwa moja, hapo safi kabisa. Lakini krauni ya chuma na kaure fundi anahitaji modeli ya kushika mkononi, kwahiyo lab lazima iwe na printa ya 3D, kama haina faili lako litakaa kwenye email tu. Kuna lab zina skana ya mezani, wewe unatuma modeli ya plasta wao wanaiskani, hiyo njia inakufaa sasa hivi bila kununua chochote.

Na jamani, skana haiwezi kurekebisha jino lililosagwa vibaya. Napokea faili la rangi zinazovutia, jino limesagwa lina mapembe na ukingo hauonekani. Mimi nachonga nilichotumiwa.

TabibuMeno_Kihesa
Naongezea hilo la meno bandia ya mdomo mzima maana dokta kauliza na halijajibiwa. Kwa mtu asiye na jino hata moja endelea na treya, kile kibao cha kuingizia dawa ya vipimo mdomoni. Fizi tupu zinateleza, ni laini na hazina alama, skana inapotea njia, na hata ikimaliza imepiga picha fizi ikiwa imetulia, haijui shavu na ulimi vinavuta wapi mtu akiongea, wakati meno bandia yanashikiliwa na kingo hizohizo. Pia kwa taya zima lenye meno makosa madogo yanajumlishana kadri unavyokwenda kutoka gego la huku mpaka la kule, ndo maana kwa krauni moja au daraja fupi iko vizuri ila madaraja marefu uwe makini sana.

Inaponifurahisha ni kwa wale wanaotapika ukiweka treya. Tuna wazee walikuwa wanaahirisha kila mwaka kwasababu ya hiyo treya tu, kwa skana unasimama anapumua, mnaendelea mlipoishia.

Usisahau vichwa vya skana vinaingia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kwa idadi ya mizunguko aliyoweka mtengenezaji, vikiisha unanunua vingine, hiyo ni gharama ya kila mwaka. Kifaa hakikisha kimepita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na faili la mdomo wa mtu ni taarifa yake binafsi, sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inahusika, kwahiyo kama programu inahifadhi kwenye seva za nje ya nchi mwambie mgonjwa na uchukue ridhaa yake kwa maandishi.

MenoMwanjelwa
Asanteni sana, mmenisaidia mno. Ni kweli alginati ndo natumia kwa nyingi, silikoni naweka kwa madaraja tu. Na niseme tu X-ray yangu pia bado ni ya filamu, naosha kwa dawa.

Mnyalukolo_Meno
Basi dokta mi ningeanza na hiyo X-ray. Sensa ya digitali utaitumia kwa karibu kila mgonjwa, wa kung'oa, wa kutibu mzizi, wa krauni, dozi ya mionzi inapungua ukilinganisha na filamu na picha inatokea palepale. Skana utaitumia kwa wa krauni tu. Hela ikibana usianze na kinachotumiwa na wachache.

FundiWaPlasta
Naunga mkono. Silikoni wiki hii, sensa ikifuata, skana baadaye. Ila muuzaji mwite tu aje na kifaa chake, usikubali akuonyeshee kwenye modeli ya plastiki, mpe gego la chini la nyuma ambalo ukingo uko chini kidogo ya fizi, kwa mgonjwa aliyeridhia, halafu faili litume lab yako wakuambie kama wanaweza kulifanyia kazi.

MenoMwanjelwa
Nimeongea na lab leo mchana, STL wanapokea ila modeli wanachapisha kwa wenzao kwahiyo inaongezeka siku na bei, kwa zirkonia tu ndo hakuna nyongeza. Silikoni nimeshaagiza. Muuzaji anakuja Alhamisi, nimemwambia gego la chini.