MAJIRANI WA UWANJANI, UJIJI

Mama Shani: Asalaam alaykum majirani. Nakumbusha tena. Jumapili saa kumi alasiri, chini ya miembe. Ni ile barua ya anayejenga nyumba za kupangisha. Anaomba kupitisha magari uwanjani na kumwaga kokoto kwa miezi 6. Mtendaji wa kata anataka muhtasari Jumatatu.

Mama Shani: Naona tiki za bluu tu.

Juma Boda: Mwakeye wakubwa. Migebuka imeingia Kibirizi, bei poa

Mama Shani: Juma, hili si kundi la samaki.

Juma Boda: Sawa mama. Nikuwekee mingapi?

Mama Shani: Miwili.

Baba Zuhura: Kwani ameuziwa?

Mama Shani: Hajauziwa! Barua nimeituma hapo juu, someni jamani. Ni ruhusa ya muda, upana wa mita 4 kando ya ukuta wake. Uwanja unabaki wa umma, hapewi hati, hajengi hata kibanda cha mlinzi. Akimaliza anasawazisha anaondoka.

Baba Zuhura: Anasawazisha. Kama wale wa bomba?

Mama Salma: 😂😂😂

Baba Zuhura: Mimi sicheki. Walisema wiki mbili, mtaro ukakaa wazi mpaka mvua. Mbuzi wangu nani alilipa? Aliyewasainia yumo humu, kimya.

Mwenyekiti: Baba Zuhura, lile tulishalimaliza.

Baba Zuhura: Ulilimaliza wewe.

*Ujumbe huu umefutwa*

Rama Dar: Ndugu zangu, kisheria ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Sheria ya Ardhi ya 1999. Mnabishana nini?

Mama Salma: Rama uko Mbagala. Vumbi la fuso utalila kwa simu?

Juma Boda: Mdhamini naye aje Jumapili, tena aje na maji ya kunywa

Mama Shani: Turudi kwenye mada. Mimi nasema tusikatae, tumbane. Mwisho uandikwe Septemba, kabla ya mvua, maana maji yote ya juu yanapita pale kwenda ziwani. Uwanja upigwe picha kabla hajaingiza gari. Aweke pesa ya dhamana manispaa, asiposawazisha itumike hiyo. Na magari yasipite watoto wakitoka shule.

Fundi Kassim: Vibarua watoke hapa hapa mtaani

Mama Shani: Hilo ni ombi, si sharti. Ila naandika.

Juma Boda: Jumapili saa kumi si Mashujaa wanacheza mechi nyumbani?

Fundi Kassim: Kumi kamili, uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika

Mama Salma: Basi akidi hakuna

Mama Shani: Saa nane basi 😡

Mama Salma: Jua lote lile?

*Saa 4:12 usiku*

Mzee Bakari: Nimesomewa yote na mjukuu. Uwanja ule tunaswalia Idi, na jeneza hupita pale likitoka msikitini. Miezi 6 wengine hatutaimaliza. Mtatupitisha juu ya kokoto? Apewe njia ya upande wa korongo. Miembe isiguswe.

*Saa 5:03 usiku*

Mwenyekiti: Tumekusikia mzee wetu.

Mama Shani: Tumekusikia babu.

*Saa 12:20 asubuhi*

Fundi Kassim: Shikamoo babu. Ila korongoni fuso halipiti mpaka pajazwe mawe

Baba Zuhura: Ajaze. Hela anayo.

Mama Shani: Nitamuuliza leo. Sasa ni saa nane au saa kumi?

Mama Salma: 👍

Fundi Kassim: 👍

Mama Shani: 👍 ya saa ngapi?